Mama anasema majani yake ndiyo yaliyoshusha presha

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa. Nivumilie nikirudia maneno.

Mama aliniambia mbele ya wadogo zangu kwamba nataka kumlisha sumu. Mimi, niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake alipolazwa. Sumu!

Alipewa vidonge vya presha, amlodipine ya miligramu 5, kimoja kila siku. Miguu ikavimba, viatu vikawa haviingii, akasema dawa inamharibu. Ni kweli dawa hiyo huvimbisha miguu ya baadhi ya watu, sibishi, lakini si angemwambia daktari abadilishiwe? Akakimbilia mitishamba. Wala siichukii mitishamba, hata artemisinin ya malaria ilitoka kwenye mmea. Ila ile ilipimwa, kipimo chake kinajulikana. Haya ya mama yanachemshwa kwa kukisia, leo meusi, kesho kama maji.

Vidonge alikuwa anavificha. Nilivikuta kwenye mfuko wa koti, vimeviringishwa kwenye leso, vingine vimeanza kumomonyoka. Nilihesabu 37. Tulipokwenda kliniki mashine ikasoma 178/104, daktari akauliza kama anameza dawa zote. Nikajibu zote. Nilishajua, Shangazi, lakini sikutaka aaibike. Daktari akapandisha hadi miligramu 10.

Tangu hapo nakiponda kidonge na kukikorogea kwenye kikombe chake cha majani. Wiki ya sita sasa. Usinihukumu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Presha haiumi, mtu anajiona mzima hadi siku anapoanguka na kiharusi.

Juzi mashine ilisoma 134/82. Nilitaka kulia kwa furaha. Mama akainua kikombe: "Umeona? Baki na sumu zako." Mbele ya mama mdogo, ambaye naye ana presha! Kabeba majani, na anasema vidonge vyake anaacha wiki hii. Nilisimama pale kama bubu.

Nikisema ukweli, mama hatapokea tena hata maji kutoka mkononi mwangu, na ile sumu aliyonisingizia itakuwa kweli kwake. Nikinyamaza, mama mdogo je? Natamani mama aache hayo majani, halafu najiuliza, akiyaacha kidonge nitakiweka wapi? Na siku hizi akiinuka kitandani anashika ukuta, anasema kizunguzungu. Sijui ni zile miligramu 10 au ni majani, na daktari hawezi kujua kwa sababu mimi ndiye niliyemdanganya.

Sikufanya kwa ubaya. Mtu anayekutakia sumu hahesabu vidonge vyako usiku.

Kliniki ni keshokutwa. Nianze na nani, Shangazi, daktari, mama mdogo, au mama mwenyewe? Na nikimwambia mama, nitumie maneno gani asiniite vile tena?

Namsikia anajigeuza kitandani. Saa moja atataka kikombe chake.