Mkono wa Idd kutoka Magomeni, pamoja na radhi zetu

Assalaam aleikum ndugu wasomaji wa jarida letu la mtaa.

Naandika salamu hizi jioni ya mwezi ishirini na tisa. Futari imeshashuka, na redio imewekwa juu ya friji inasikilizwa kama mshenga aliyeleta majibu ya posa. Mwezi ukiandama, Idd ni kesho. Usipoandama, tunakamilisha thelathini. Jirani yangu wa ukuta wa pili hasubiri, yeye ameshapata habari za Makka na kanzu zake zimeshapigwa pasi. Huku kwetu mchele wa pilau umechaguliwa lakini haujaoshwa. Mama anasema mchele ukishaoshwa hakuna kurudi nyuma, naye hapendi kumtangulia Mufti.

Basi Idd Mubarak, iwe ya kesho au ya keshokutwa. Na ninyi wasomaji wetu mlio katika Kwaresma, heri kwenu pia. Mwaka huu mifungo miwili imefuatana kama ndugu wanaokwenda chuo kimoja. Pale ofisini (chumba kimoja cha mbele, nyumba ya Kiswahili, baraza ndiyo sebule ya wageni) mpiga picha wetu alifunga yake, mimi nikafunga yangu, na birika la chai likapata likizo ambayo sisi hatukuipata.

Kwetu Idd haiji hivihivi bila kuombana radhi. Mnajua lile neno: kama nilikukosea nisamehe, nami nimekusamehe. Tunalisema mlangoni, haraka, mkono mmoja umeshika sahani iliyofunikwa kawa na mwingine unampa mtoto noti ya sikukuu. Mwaka huu siwezi kulisema haraka. Gazeti kubwa likikosea, linaweka sanduku dogo ukurasa wa pili na maisha yanaendelea. Jarida la mtaa likikosea, mhariri anakutana na aliyemkosea gengeni, asubuhi, wote wawili wanashika nyanya zilezile.

Nianze na jepesi. Toleo la Ramadhani lilikuwa na mapishi ya kaimati, na pale palipotakiwa kuandikwa hamira kijiko kimoja kidogo tukaandika vijiko vitatu vikubwa. Sijui mkono wa nani, na nimekataa kuchunguza. Siku ya kwanza tu jarida lilipofika mitaani, simu ililia dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Mama mmoja wa Mwembechai: "Dada mwandishi, unga wangu umetoka kwenye bakuli, sasa unaelekea sebuleni. Nifanyeje?" Nikamwambia apunguze, agawe kwenye mabakuli. Akanijibu mabakuli yamekwisha, ameingia kwenye beseni la kufulia. Mama, nisamehe. Wewe na wengine sita mliopiga, na wale ambao hamkupiga mkanilaani kimyakimya. Kwa vikombe viwili vya unga, hamira ni kijiko kimoja cha chai. Kimoja.

Radhi nyingine ni kwa mafundi cherehani wa Magomeni Mapipa, tuliowaahidi tangazo la bure jalada la nyuma, likachelewa kutoka. Nafasi ile alikuwa ameililia muuza vipodozi wa krimu za kung'arisha ngozi, akiwa na fedha taslimu mkononi, fedha ambayo ingelipa nusu ya uchapaji. Tukamkatalia, tukajisifu siku mbili, halafu tukakaa tunatazamana kwa sababu toleo halikuwa na fedha ya kutokea. Mafundi, ndiyo maana mlichelewa. Nyie mlishona nguo za Idd za nusu ya watoto wa mtaa kwa mwezi mmoja, na hamkumchelewesha mtu.

Sasa nije kwenye zito.

Mtakumbuka jalada la toleo hilo hilo la Ramadhani: bibi wa Mzimuni, ameketi barazani, amejifunga kisutu. (Nikisema Kisutu mjini hapa watu wengine wanafikiria mahakama. Mimi nasema kanga, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, wanayovaa hata maharusi.) Tulikuwa tunalionea fahari jalada hilo. Nikampelekea nakala yake mwenyewe, mwezi kumi hivi wa Ramadhani, saa tano asubuhi. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta vidole kwenye kanga, akaipokea nakala kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hii kisutu ya nani?"

"Yako, bibi."

"Yangu nyekundu. Hii imeiva papai."

Na kweli ilikuwa papai. Rangi iliharibika mashineni, na kosa ni letu: fundi wa mtambo wa kuchapia alitutumia picha ya karatasi ya majaribio kwa simu, nasi tukaikubali kwa simu, badala ya kwenda kuiona kwa macho mchana wa jua. Kiwanda kilikuwa kimeelemewa na kazi za msimu, sisi tulikuwa tumechoka, kioo cha simu kikatudanganya. Hilo nililieleza na bibi akalipokea. Akacheka hata. Halafu akaweka kiganja juu ya picha, nyuma ya bega lake, palipokuwa na ukuta.

"Na huku mmeukata wapi ukuta wangu?"

Nikamwambia ukurasa haukutosha.

Ndugu zangu, nilikuwa nimefunga. Saa tano asubuhi, kinywa kikavu, nikasema uongo mbele ya mtu mzima. Ukurasa ulitosha. Upande ule wa ukuta kuna mistari ya maji. Ule wa juu kabisa, unaopita juu ya swichi ya taa, ni wa mafuriko ya Desemba 2011. Mjukuu wake aliuchora kwa msumari ili usifutike kwa chokaa, akaandika mwaka pembeni. Chini yake iko mingine, ya masika mbalimbali, kila mmoja na mwaka wake, kama vile watu wanavyopima urefu wa watoto kwenye fremu ya mlango. Mpiga picha aliichukua yote, vizuri sana. Mimi ndiye niliyeikata. Nilisema inachafua jalada.

Niwaeleze nilikuwa nawaza nini, si kwa kujitetea. Tulianzisha jarida hili kwa hasira. Mtaa wetu ukitajwa magazetini, utatajwa kwa maji: Mto Msimbazi umefurika, bonde la Jangwani halipitiki, mabasi ya mwendokasi yamesimama, watu wako juu ya mapaa. Maji yakikauka, nasi tunakauka. Hakuna aliyeandika kwamba kuna mzee hapa anayechonga bado vibao vya mbuzi vya kukunia nazi, kwamba nyumba za kota zilizobomolewa zilirudi kuwa maghorofa mwaka 2022 kwa kaya 644 na sasa wanawake wa ghorofani wanabishana jinsi ya kutwanga viungo bila kumwamsha wa chini. Tukasema, basi: kwenye jarida letu maji hayaingii. Tutaweka milango, mapishi, mishono, vijana wa muziki wa mchiriku, mabaraza. Nikalishika neno hilo kama sheria, mpaka nikafika kumkata bibi ukuta wake.

Wakati mwingine usiku wa kupanga kurasa namwaza Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, ambaye mwaka 1937 alianzisha gazeti lake hapahapa Dar es Salaam na kuliita Kwetu. Wakati huo Mambo Leo la serikali lilikuwa linatoka tangu 1923, lina wasomaji na lina fedha. Yeye alikuwa na duka. Ningelitwaa jina lile kama haya isingenizuia. Lakini najiuliza kama yeye angeukata ukuta. Nadhani ukuta ndio angeuanza.

Ule uongo wangu ulikuwa na sura ya ukweli kwa sababu kurasa kweli ni taabu. Karatasi moja ikikunjwa na kubanwa pini katikati inazaa kurasa nne, kwa hiyo jarida lenu linakua kwa nne nne. Ukiwa na habari za kurasa 33, ama uchinje moja ama utafute tatu za kujazia. Na mtambo unataka sahani nne za aluminiamu, moja kwa kila rangi, na sahani hizo bei yake ni ileile uchape nakala 200 au 2,000. Sisi tunachapa 800. Kwa hesabu ya kawaida ni upuuzi, na mwenye kiwanda alishatuambia hivyo kwa upole. Lakini nimewahi kuikuta nakala moja saluni, Magomeni Usalama, imepita mikono mpaka jalada limekuwa laini kama kitambaa, na ukurasa wa mishono umechanwa kwa uangalifu, kwa rula. Mwenye saluni akasema wateja wanagombea zamu. Hao hawamo kwenye hesabu ya 800. Leseni pia tunayo, maana Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 haiulizi jarida lako lina kurasa ngapi, wala mhariri wake analipa kodi ya chumba lini.

Hatukuwa na fedha ya kurudia jalada. Tulichoweza ni hiki: toleo la Idd lililotoka juzi, mkilifungua katikati, kurasa zile mbili zinazotazamana, picha ni ileile. Bibi, baraza, kisutu nyekundu (safari hii nilikwenda kiwandani mwenyewe nikasimama na kanga yake mkononi, fundi anapunguza njano, mimi natikisa kichwa), na ukuta wote, mistari yote, miaka yote. Hatukuandika maelezo marefu. Tumetaja miaka tu, kutoka juu kwenda chini.

Nilimpelekea juzi alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, masika hii imeanza na haraka zake, na mbele ya mlango wake walishapanga mifuko ya mchanga mitatu. Nikamwambia kabla hajafungua: bibi, siku ile nilikudanganya, ukurasa ulitosha. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Ulikuwa unatazama mchicha." Akafungua. Akapitisha kidole kwenye mstari wa juu polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka kikagota kwenye pini.

"Pini imenichoma begani," akasema.

Nikaanza kueleza habari za kurasa nne nne. Akaninyamazisha kwa mkono. Alitaka nakala mbili zaidi, moja ya kuweka, nyingine ya mwanawe aliyehamia Mabwepande baada ya maji yale ya 2011, kwa sababu ile namba aliiandika kwa msumari mtoto wa huyo mwanawe, na hajawahi kuiona tangu waondoke. Nikampa. Akakataa katakata nisilipwe, akaniwekea mafungu mawili ya mchicha kwenye mfuko.

Basi, wapendwa, hizo ndizo radhi zetu. Kama kuna mwingine tuliyemkosea, jina tulilolikosea herufi, mtoto tuliyemwita wa kiume kumbe wa kike, muuza magazeti ambaye bado hatujamlipa kamisheni ya toleo lililopita (tunakufahamu, na fedha yako ipo kwenye bahasha), tafadhali msilimeze. Idd Mosi nitakuwa nyumbani kwa mama. Idd Pili nitakuwa barazani ofisini kuanzia saa nne, kutakuwa na kaimati, na hamira nimepima mwenyewe.

Kwa watoto: mkono wa Idd upo, lakini noti nilizobadilisha hazizidi thelathini, kwa hiyo mwenye kuja mara mbili nitamtambua kwa nguo.

Kwa walio mabondeni, mliokwisha panga mifuko ya mchanga kama bibi: namba yetu ya ofisi iko wazi hata usiku wa sikukuu. Hatuna mashua, lakini tuna baraza iliyoinuka na chumba kimoja kikavu.

Subirini kidogo, redio imenyamazisha kaswida.

Mwezi umeandama. Mama ameshafungulia maji kwenye mchele.

Minal aidin wal faizin. Nisameheni, nami nimewasamehe.

Mhariri wenu,
Magomeni, Dar es Salaam