Wanasema vizuri, kalamu ndiyo inakwama

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu na wazazi wenzangu wa Tanga. Nina steshenari hapa Ngamiani. Nachapa, natoa kopi, naprinti.

Majuzi alikuja binti aliyemaliza kidato cha nne, anataka barua ya kuomba kazi dukani. Hakuja na karatasi. Alinifungulia simu nisikilize alivyojirekodi, mimi nichape. Na wallahi yule mtoto anajua kusema! Alivyomsaidia bibi yake kuuza samaki soko la Deep Sea, alivyotunza hesabu za madeni, nani hulipa na nani hukwepa, yote kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nikampa kalamu. "Mwanangu, hayo hayo yaandike." Akaandika anuani, akaandika YAH, akaandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Basi, kalamu ikasimama. Akaandika "xaxa", akafuta. Bibi, samaki na madeni hawakufika kwenye karatasi.

Wengi wanaulaumu uandishi huo wa simu, "xaxa" kwa sasa na "cjui" kwa sijui. Mimi siulaumu sana. Enzi za simu za vitufe ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160 na kila ujumbe unalipiwa; watu walifupisha, kama hiyo "cjui", kubana matumizi. Kinachoniuma ni mkono kukosa kazi. Notisi zinapigwa picha, zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mtoto anatumwa kwangu kuziprinti. Zamani angezinakili, na katika kunakili angezisoma. Kazi za nyumbani zinatolewa intaneti zilivyo. Nazichapa mimi, mwenye kazi hajasoma hata ukurasa. Halafu mtihani wa taifa unafanywa kwa kalamu, insha ikiwemo.

Walimu wa Kiswahili, najua madarasa yamejaa na kusahihisha kunachosha. Naomba hata aya moja kwa wiki, ya mkono, juu ya jambo aliloliona mtoto mwenyewe: bei ya dagaa ilivyopanda, ugomvi wa foleni ya maji, chochote. Wazazi, jioni mwambieni awasomee hiyo aya kwa sauti. Akikwama, mngojeni amalizie mwenyewe.

Nawe Mhariri, tenga robo ukurasa kila wiki kwa barua za wanafunzi zilizoandikwa kwa mkono. Wa Ngamiani wapite dukani kwangu. Karatasi na bahasha nitawapa bure.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga