Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuunga Metali Zisizopatana

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na hesabu atayasoma mweka hazina, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nitasema juu ya jambo moja mlilotupa idhini nalo mwaka jana: jaribio la kuunga bamba za aluminiamu na magnesi kwa msuguano.

Kwa walioingia chamani karibuni, njia hii ilibuniwa mwaka 1991 na Wayne Thomas na wenzake wa TWI, taasisi ya utafiti wa kuunga metali iliyo karibu na Cambridge, Uingereza. Haina cheche, gesi wala fimbo ya kuchomelea. Pini ngumu inazunguka, inazama kwenye maungio mpaka bega lake, yaani sehemu pana iliyo juu yake, liguse bamba, kisha inatembea. Metali inalainika bila kuyeyuka, na pini inaisonga kama mwiko unavyosonga ugali. Honda waliunga chuma na aluminiamu hivyo kwenye fremu ya mbele ya gari la Accord la 2013, na habari hiyo ndiyo iliyowatia tamaa vijana wetu.

Kwa mashine yetu ya milingi, ya kuchonga metali, aluminiamu kwa aluminiamu ilitii mapema. Ikaja magnesi. Mshono wa kwanza uling'aa, tukapiga makofi, simu zikatolewa. Fundi mmoja akakishika kile kipande, akakipinda kidogo tu kwa mkono. Kikavunjika kama biskuti.

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzijoto 660, magnesi kwa 650, kwa hiyo mtu atadhani zinaelewana. Zikikorogwa pamoja, mchanganyiko huanza kuyeyuka karibu na nyuzijoto 437 tu, na humo huzaliwa misombo ya metali hizo mbili, Al3Mg2 na Mg17Al12, ambayo ni migumu kama kigae na huvunjika kama kigae. Sisi tulidhani joto halitoshi, tukaongeza mzunguko. Kumbe tunajiharibia! Tulipopunguza mzunguko na kuharakisha mwendo tulipata vipande vinavyostahimili mkono. Lakini vilipobanwa na kupindwa kwenye jiliwa, hakuna kilichostahimili.

Kuna tukio ambalo sitalificha. Chenga za magnesi zilishika moto, na mwenzetu akakimbilia ndoo ya maji. Alizuiwa mlangoni. Magnesi inayowaka huyanyang'anya maji oksijeni na kuacha haidrojeni, nayo inalipuka. Sasa mchanga mkavu unakaa kando ya mashine, na chenga zinafagiliwa baada ya kila mshono, fundi awe mkubwa au mdogo.

Kamati inapendekeza tuiache magnesi, tuunge aloi mbili za aluminiamu: 5083, aloi ya maboti, na 6061. Hapo balaa la vigae halipo. Udhaifu unahamia pembeni: 6061 ilipata nguvu zake kwa kupikwa tanurini, na joto la mshono linazipunguza, hivyo kipande hukatika kando ya mshono, upande wa 6061. Hilo unaweza kulipangia tangu kwenye mchoro, kwa kuongeza unene pale.

Wapo wanaotaka tukope tununue mashine maalumu. Sikubaliani nao. Mishono yetu mingi iliharibika kwa sababu bamba zilisogea na kuacha mwanya. Hilo ni kosa la vibanio, na vibanio tunaweza kuvichonga wenyewe. Ila nakiri pini inahitaji kukandamizwa kwa nguvu nyingi mno, na beringi za milingi yetu zimeanza kulia.

Ajenda namba tano ni vibanio na beringi. Naomba tupige kura kabla ya chakula.

Mwenyekiti