Vidole ni vyangu, laki na nusu ya nini?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa semi, huu mwaka wa 22, Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo. Wiki iliyopita nimekuta bango Mbagala: semina ya siku moja ya kuondoa msongo wa mawazo "kwa vidole vyako mwenyewe", kiingilio shilingi laki moja na nusu. Vidole vyangu, uso wangu, halafu nilipe laki na nusu. Nisingesumbuka kushika kalamu, ila semina ya namna hiyo niliwahi kuilipia.

Kitu chenyewe ninakijua na ninakitumia: ni kujigonga kwa ncha za vidole usoni na mwilini, kwa Kiingereza huitwa EFT au "tapping". Nilikipata foleni ya mpaka wa Tunduma ilipofika hadi mahali paitwapo Mpemba, nasi tuko siku ya nne. Mileji, yaani posho yangu ya njiani, ilishakwisha siku ya pili. Tajiri mwenye gari anapiga simu kila saa kana kwamba mimi ndiye niliyefunga geti, wakala wa forodha hapokei, na nyumbani wanaulizia ada. Usiku ule moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni, usingizi hakuna. Nikampigia binti yangu anayesomea uuguzi. Akaniuliza, "Baba, kutoka sifuri hadi kumi, hali yako ni ngapi?" Nikamwambia tisa. Akasema weka simu kwenye spika, fanya ninavyokwambia.

Basi nikaanza. Unagonga ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, huku ukilitaja linalokusumbua. Halafu unahamia usoni kwa ncha za vidole viwili: mwanzo wa nyusi karibu na pua, pembeni ya jicho penye mfupa, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni chini ya mdomo. Unashuka chini ya mtulinga, unakwenda ubavuni chini kidogo ya kwapa, unamalizia utosini. Kila mahali kama mara saba, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ukifika utosini unavuta pumzi, unajipima tena.

Maneno yake yalinishinda. Eti useme, "Ingawa nina wasiwasi huu, najipenda na kujikubali kabisa." Mtu wa miaka 51, ndani ya kebini, tingo, msaidizi wangu, amelala nyuma, najiambia najipenda! Nikayageuza: "Ingawa foleni imenikaba, mimi ni mzima na gari ni zima." Binti akacheka, akasema hayo pia yanafaa. Mizunguko mitatu nikawa sita, wa tano nikawa nne. Foleni haikusogea hata tairi moja, lakini nililala hadi adhana ya alfajiri. Tingo, ambaye kumbe alikuwa macho muda wote, asubuhi aliniuliza kwa adabu, "Mzee, nikutafutie panadoli?"

Binti alinieleza baadaye ilikotoka. Ni ya Marekani. Karibu na mwaka 1980 mwanasaikolojia wa California, Roger Callahan, alikuwa na mgonjwa mwanamke aliyeogopa maji, na woga aliusikia tumboni. Callahan alikuwa akisoma habari za tiba ya sindano ya Wachina, ambao husema chini ya jicho hupita njia inayokwenda tumboni, akamwambia agonge pale. Woga ukapungua. Mwanafunzi wake, Gary Craig, mtu aliyesomea uhandisi, katika miaka ya 1990 akairahisisha: badala ya kila tatizo kuwa na mpangilio wake, mpangilio mmoja kwa yote. Na hapa, Mhariri, ndipo penye kesi yangu: huyo Craig mwongozo wake aliuweka kwenye intaneti, watu wauchukue bure. Sasa huyu wa Mbagala anauza nini?

Huwauzia watu siri ya "sehemu sahihi". Ukikosea kidogo, anasema, umefunga mkondo wa nguvu. Binti yangu akaniambia kuna utafiti wa mwaka 2003 huko Kanada, wanafunzi wa chuo 119. Kundi moja waligonga sehemu zinazofundishwa, kundi jingine sehemu za uongo mikononi, kundi la tatu wakamgonga mdoli. Mdoli, Mhariri! Makundi yote matatu woga ulipungua, na waliokaa bila kugonga haukupungua. Mimi sikusoma sana, lakini hapo naelewa kwamba huenda dawa haiko kwenye sehemu. Iko kwenye kutulia, kulitaja tatizo kwa jina lake badala ya kulikimbia, na vidole kuwa na kazi. Upo pia utafiti wa 2012 uliopima mate ya watu 83 na kukuta homoni ya msongo imeshuka zaidi kwa waliogonga, ila mtafiti mkuu ni mtu anayeifundisha na kuiandikia vitabu. Ni sawa na muuza tairi kukushauri kuhusu tairi. Sikatai, nasema tu.

Rwanda nako iliwahi kutumiwa. Njia ile ya Callahan ilitumika kwa watu wazima 145 walionusurika mauaji ya kimbari, na waliowahudumia walikuwa viongozi wa jamii zao waliofundishwa. Utafiti wake ulitoka 2011, ukaeleza nafuu. Hayo ni majeraha mazito, yanataka wajuzi. Mimi nazungumzia foleni na simu za tajiri.

Sasa semina yangu. Miaka miwili iliyopita nililipa nikakaa ukumbini na watu kama arobaini. Mwalimu alikuwa na suti nzuri na maikrofoni ya kichwani. Nikamweleza nina presha na natumia vidonge. Akasema mbele ya watu, ukigonga asubuhi na jioni kwa siku 40, vidonge utavisahau. Nikavisahau kweli. Wiki ya tano, mizani ya Makambako, kichwa kikaniuma hadi nikashindwa kusoma karatasi zangu mwenyewe. Zahanati wakapima: 182 kwa 110. Muuguzi akaniuliza vidonge viko wapi, nikakosa cha kumjibu. Ningesema niko kwenye semina?

Tangu hapo vidonge nameza saa mbili usiku, na kugonga nagonga nikitaka. Havigombani. Nagonga gari likiwa limeegeshwa, breki ya mkono imevutwa. Mlima Kitonga simo, pale mikono miwili kwenye usukani na masikio kwenye injini. Madereva wenzangu wengine hutuliza akili kwa konyagi, wengine kwa mirungi. Siwahukumu, nimepita huko. Ila tajiri anayeona dereva wake analala saa tatu kwa siku akamlipia semina, huyo angeanza kwa kuongeza mileji ya siku za foleni.

Ombi langu ni dogo. Chapisha mchoro wa mtu wenye alama hizo tisa, ubavu wa kiganja ukiwemo, ukubwa wa nusu ukurasa. Pale Mpemba mama anayekaanga vitumbua hufungia gazeti lako, na foleni ikiwa ndefu tunasoma hata pale mafuta yalipolowa. Chini ya mchoro andika "bure". Na "vidonge vya presha usiache" andika kwa herufi kubwa, maana tingo wangu hasomi ndogo.

Dereva wa semi,
Mbagala, Dar es Salaam