Nisaini barua ipi, ya Dar es Salaam au ya Morogoro?

Ndugu Mshauri,

Nina barua mbili za ajira ambazo sijazisaini, na waajiri wote wawili wanataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Moja inanipeleka Dar es Salaam kwa mshahara ambao sijawahi kuupata maishani mwangu. Nyingine inaniacha hapa Morogoro kwa mshahara unaozidi kidogo tu nusu ya ule, lakini inanirudisha nyumbani kabla jua halijazama. Nimezipigia hesabu mara nyingi, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu, na kila ninapofunga daftari ninajikuta bado sijaamua.

Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 35, mke wa mwalimu wa sekondari ya serikali, na mama wa watoto wawili: binti aliye darasa la nne, na mvulana wa miezi saba ambaye bado ananyonya. Tunaishi Kihonda kwenye nyumba ya kupanga. Kwa miaka mitatu nilikuwa mhasibu wa mradi wa afya uliotegemea fedha za Marekani, na fedha hizo ziliposimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2025, mradi ulifungwa nasi tukarudi nyumbani. Tangu hapo familia imekuwa ikiendeshwa kwa mshahara wa mume wangu, pamoja na kidogo ninachopata kwa kuwaandalia hesabu wafanyabiashara wadogo na kuwajazia ritani zao za kodi.

Barua ya kwanza imetoka kwenye kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Kurasini, karibu na bandari. Mkataba ni wa miaka miwili, miezi sita ya mwanzo ikiwa ya majaribio, na mshahara ni shilingi 2,600,000 kwa mwezi. Kwa maandishi, kazi huanza saa 2 asubuhi na kuisha saa 11 jioni, na Jumamosi ni nusu siku, jambo linalofikisha zile saa 45 za wiki ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeziweka kuwa kikomo cha kawaida. Hata hivyo, chini ya kipengele hicho kuna sentensi moja inayosema kwamba mwajiriwa atafanya kazi kwa muda wowote wa ziada utakaohitajika, na kwamba malipo ya muda huo yamekwisha kujumuishwa kwenye mshahara. Ninajua kwamba sheria hiyo hiyo inataka saa za ziada zilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika kila wiki nne. Nilipomwuliza ofisa aliyenikabidhi barua, alinijibu kwa upole kwamba sentensi hiyo imo kwenye mikataba ya wote na haijawahi kumletea mtu shida.

Barua ya pili ni ya chuo cha mafunzo ya afya kinachomilikiwa na taasisi ya dini, mwendo wa dakika 20 kwa bodaboda kutoka nyumbani kwangu. Ajira ni ya kudumu, mshahara ni shilingi 1,400,000, kazi huanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, na hakuna Jumamosi. Mhasibu ninayekwenda kumrithi anastaafu baada ya kukaa kwenye kiti hicho miaka 19. Alinieleza bila kunificha kwamba mwezi Januari na Februari, kabla wanafunzi hawajamaliza kulipa ada, mshahara unaweza kuchelewa wiki mbili au tatu.

Sasa naomba nikuonyeshe hesabu, maana ndizo zilizonitia katika mashaka haya. Bima ya afya tunatumia ya mume wangu, kwa hiyo makato yangu ni matatu: mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, kodi ya mapato, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu ninaodaiwa na Bodi ya Mikopo. Katika mshahara wa Dar es Salaam, NSSF ni 260,000, kodi ni 530,000 na mkopo ni 390,000. Kinachofika mkononi ni 1,420,000. Katika mshahara wa Morogoro, NSSF ni 140,000, kodi ni 206,000 na mkopo ni 210,000; kinachofika mkononi ni 844,000. Tofauti iliyoonekana kuwa 1,200,000 kwenye barua inakuwa 576,000 mkononi.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa treni. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari zake mwaka 2024, watu wengi hapa Morogoro wamekuwa wakisema kwamba mtu anaweza kulala nyumbani na kufanya kazi Dar es Salaam. Nauli ya daraja la kawaida ni 13,000 kwenda na 13,000 kurudi. Kwa siku 22 za kazi, bila kuzihesabu Jumamosi, nauli peke yake ni 572,000. Zinabaki shilingi 4,000 kwa mwezi, nami sijampanda bodaboda wa kwenda stesheni alfajiri wala daladala ya kwenda Kurasini.

Wazo la pili ni kupanga chumba na sebule huko huko, niende na mtoto mdogo, na kila Jumamosi mchana nirudi Morogoro hadi Jumapili jioni. Nimeweka kodi ya nyumba 200,000, ambayo mwenye nyumba ataitaka ya miezi sita kwa mkupuo, nauli za kila mwisho wa wiki 104,000, dada wa pili wa kumlea mtoto 100,000, na gharama za umeme, maji na chakula cha jiko la pili 100,000. Jumla ni 504,000. Ziada inayobaki ikilinganishwa na kukaa hapa hapa ni 72,000 kwa mwezi, na kwa ziada hiyo familia itakuwa imegawanyika vyumba viwili katika mikoa miwili.

Ningekuwa ninamwandalia mteja hesabu hizi, ningemwambia abaki Morogoro. Lakini makato si hasara yote, na hapo ndipo ninapokwama. Ninadaiwa mkopo wa takribani 9,300,000. Kwa mshahara wa Dar es Salaam deni hilo linakwisha ndani ya miezi 24, yaani mkataba unapofika mwisho na deni nalo linakwisha. Kwa mshahara wa Morogoro litanichukua miezi 45. Michango ya NSSF, ya kwangu na ya mwajiri, ingekuwa 520,000 kila mwezi badala ya 280,000. Zaidi ya hayo, ninaogopa kiti cha miaka 19. Nimebakiza hatua ya mwisho ya mitihani ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ili nipate CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, na sijui kama nitaweza kuomba nafasi ya mhasibu mkuu mahali popote nikiwa na umri wa miaka 45, huku uzoefu wangu wote wa karibuni ukiwa ni kupokea ada na kulipa wauza mboga wa bweni. Ninasema hivyo bila kuidharau kazi hiyo, kwa sababu nimeona daftari za yule mzee na ni safi kuliko za ofisi nyingi nilizowahi kuzifanyia kazi.

Kuna jambo lingine ambalo halikai kwenye daftari. Kabla ya mradi nilifanya kazi Dar es Salaam kwa miaka minne hadi mwaka 2022, wakati ule mume wangu akiwa amepangiwa shule huku, nami nikikaa Kimara na binti yangu na dada wa kazi. Nilikuwa nikiondoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, na mwisho wa mwezi, tulipokuwa tunafunga hesabu, nilirudi hata saa 5. Jumapili moja nilimkalisha binti yangu kati ya magoti yangu ili nimsuke kwa ajili ya shule. Alipoinua uso kujitazama kwenye kioo, nikaona pengo kwenye meno yake ya mbele. Nikamwuliza limeng'oka lini. Akanijibu kwamba liling'oka Jumanne, akaenda kulirusha juu ya bati pamoja na dada, na akanisubiri anionyeshe mpaka akalala. Zilikuwa zimepita siku tano, nami nililala naye kitanda kimoja siku zote hizo. Hakulalamika; alikuwa ananieleza tu jinsi jambo lilivyokwenda. Ndiyo maana nafasi ya mradi ilipotokea Morogoro, kwa mshahara mdogo kuliko niliokuwa nao, niliichukua siku ile ile.

Siku ya usaili Kurasini niliitwa saa 10 jioni, nikatoka saa 12 na nusu, na katika chumba cha wahasibu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinuka. Mwanamama mmoja wa rika langu alikuwa ameegemeza simu kwenye kikokotoo, huku mkono mmoja ukiendelea kupanga hati za malipo ya ushuru, na alikuwa akimwambia mtoto wake, "Nisomee ulichoandika namba 4. Hapana, rudia, umesahau kubeba moja." Alifanya hivyo kwa ustadi na bila kupandisha sauti. Nilimtazama muda mrefu, na hadi leo sijui kama nilichokiona ni mama aliyefanikiwa kuyaweka mambo mawili pamoja, au ni mimi mwenyewe wa mwaka 2021.

Kuhusu huyu mdogo, ninafahamu kwamba sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ruhusa hiyo ingenifaa chuoni, kwa sababu dada anaweza kumleta mtoto au mimi nikarudi nyumbani mchana. Kwa Kurasini, hata nikipanga Mtoni au Tandika, nusu ya muda huo itaishia barabarani, na ninaona haya kuiomba katika miezi ya majaribio, wakati mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana kinga ile ile ya kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali.

Mume wangu amesema uamuzi ni wangu na kwamba ataniunga mkono kwa lolote. Ninamshukuru, na ninajua amesema kwa moyo safi, lakini usiku huwa ninatamani angesema anachokitaka, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki na binti yetu mwaka huu wa upimaji wa taifa wa darasa la nne. Uhamisho wake wa kunifuata si jambo la kutegemea. Aliwahi kuomba wakati ule wa Kimara na hakupata. Mama yangu mzazi, aliyeko Kilosa, ananiambia nisiiache riziki ya Dar es Salaam kwa sababu ya watoto ambao kesho watakua na kwenda zao. Mama mkwe anasema mtoto wa miezi saba hahamishwi kwa treni kila Jumamosi kama mzigo. Wote wawili wamelea, na wote wawili nawaheshimu. Tuna pia boma letu la Mkundi, ambalo limefika kwenye lenta na limesimama hapo tangu kazi yangu ilipokwisha. Kila tunapopita, fundi wetu hutuuliza tunapaua lini.

Ninachokuomba, Ndugu Mshauri, pamoja na wasomaji waliowahi kupita njia hii, ni mambo ambayo siwezi kuyapata kwenye kikokotoo. Wale walioishi miaka miwili mbali na mwenza kwa ajili ya kazi, huku wakiwa na mtoto mchanga, walirudi nyumbani wakiwa na nini, na ni kitu gani walichoshindwa kukirudisha? Je, ni busara kuiandikia kampuni kabla ya kusaini, nikaomba ile sentensi ya saa za ziada iondolewe au iwekewe kikomo, na nikaomba Jumamosi nifanyie kazi nyumbani, au nitakuwa nimeipoteza nafasi kwa mkono wangu? Na kwa upande wa chuo, ambako nimeambiwa mshahara hauongezeki kwa sasa, ninaweza kuomba nini badala ya fedha? Nimefikiria kuomba walipie ada za mitihani yangu ya CPA na kunipa ruhusa ya kusoma mwezi Mei na Novemba inapofanyika, kwa sababu nikiipata CPA nikiwa hapa hapa, huenda kiti kile kisiwe cha miaka 19 kwangu. Lakini sijui kama mwajiri wa namna ile hulichukulia ombi kama hilo kuwa ni bidii au ni dalili ya mtu anayejiandaa kuondoka.

Binti yangu anajua kwamba nimepata kazi. Hajui kwamba ni mbili. Jana jioni, tukiwa kwenye hesabu za kugawanya, aliniuliza kama nitakuwa nimekwisha kuanza kabla ya mtihani wake. Nilimjibu kwamba nitamwambia Ijumaa.

Wako,
Mama wa Kihonda,
Morogoro