Pima kwanza, ndipo ulete fundi mwingine

Mhariri,

Fundi akiacha nyumba njiani na kuingia mitini, mwenye nyumba hupewa ushauri ule ule karibu kila mahali: badili kufuli, leta fundi mwingine, nenda polisi akakamatwe. Tunaandika kwa sababu ushauri huo, ukifuatwa kwa mpangilio huo, huharibu kesi ambayo mwenye nyumba angeshinda.

Tuanze na fundi mwingine. Siku anapopiga plasta juu ya ukuta ulioachwa, ushahidi umefunikwa. Hakuna tena wa kuonyesha yule wa kwanza alifikia wapi, wala mabomba yaliyomo ukutani yaliungwa na nani. Kabla mwiko haujagusa kitu, pima. Ingia chumba kimoja kimoja na upige picha huku futi imenyooshwa ukutani, namba zake zisomeke. Andika: ukuta wa mashariki, mita 4 kwa 3, plasta imefika nusu, yaani mita 6 za mraba. Hesabu mifuko ya saruji iliyobaki, nondo na unene wake, mbao, milango iliyoletwa ikaachwa bila kufungwa. Mwite mkadiriaji majenzi asiyefungamana na upande wowote, atoe ripoti yenye tarehe na sahihi. Fundi mwenyewe mwalike kwa maandishi aje kushuhudia upimaji. Asipotokea, ripoti itaje hivyo, na baadaye atapata taabu kuvipinga vipimo.

Kisha notisi. Mara nyingi kuchelewa peke yake hakutoshi kuvunja mkataba. Mkataba usipotaja tarehe ya kumaliza, sheria za nchi nyingi humpa fundi muda unaolingana na kazi yenyewe, na barua yako ndiyo inayoupa muda huo mwisho unaojulikana. Taja makubaliano, hata kama yalikuwa ya mdomo. Kiasi ulicholipa na lini. Kazi zilizobaki moja baada ya nyingine. Siku anayotakiwa kurudi saiti na siku ya kumaliza. Useme wazi kwamba akipuuza utauvunja mkataba, kazi itamaliziwa na mwingine na gharama ya ziada utaidai kwake. Ipeleke kwa njia inayoacha kumbukumbu. Ukimfungia mlango bila notisi, yeye ndiye atakayekwenda mahakamani kudai kwamba mkataba umeuvunja wewe, na ukizuia zana zake umemwongezea dai la pili.

Hapa mwenye nyumba ajikague bila kujionea huruma. Awamu ya malipo ilitoka kwa wakati? Aliongeza chumba katikati ya kazi? Mabati yalikuwa ya nani kuyanunua? Hoja hizi ndizo za kwanza kutolewa na upande wa pili, na mara nyingine ni za kweli.

Kwenye fidia ndiko watu wanakopotea zaidi, kwa kudai warudishiwe kila walichotoa. Kanuni ya kawaida ni nyingine: jumlisha ulicholipa na gharama ya kumalizia, kisha utoe bei ya mkataba. Tuseme bei ilikuwa 100, umelipa 70, na kumalizia kunagharimu 65. Hasara yako ni 35. Ungekuwa umelipa 30 tu, usingekuwa na hasara ya kumalizia hata kidogo, maana ungepata nyumba kamili kwa 95. Gharama hiyo ya 65 ithibitishwe kwa makadirio ya mafundi wawili au watatu kwa kazi ile ile. Ukitumia nafasi hiyo kuweka vigae bora kuliko vilivyokubaliwa, tofauti ni yako. Tena usiache mvua iozeshe mbao mwaka mzima halafu udai mbao mpya. Mahakama hutarajia aliyeumizwa azuie hasara isikue.

Na vifaa alivyoacha? Mwaka 1898 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Sumpter dhidi ya Hedges. Mjenzi alikubali kazi ya pauni 565, akafanya ya takriban pauni 333, akaishiwa fedha na kuiacha. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe kwa vifaa vilivyokuwa saiti. Mjenzi hakupewa malipo zaidi kwa kazi aliyoiacha nusu, lakini vifaa vile ilibidi alipwe. Ndiyo sababu tunasisitiza mifuko ihesabiwe.

Polisi wana nafasi yao pale penye udanganyifu tangu mwanzo: jina la uongo, risiti za kughushi, fedha za vifaa zilizochukuliwa bila nia ya kununua chochote. Kushindwa kumaliza kazi, kwa kawaida, ni shauri la madai. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba.

Kabla ya kufungua shauri, soma kama mkataba unataka usuluhishi kwanza. Uliza kama nchi yako ina mahakama ya madai madogo na kikomo chake ni kiasi gani. Angalia risiti zimetolewa kwa jina la nani, fundi au kampuni yake, kwani ukimshtaki asiyehusika utaanza upya huku muda wa kisheria wa kudai ukiyoyoma. Na ulizia mapema sasa anajenga wapi. Katika nchi nyingi mahakama inaweza kumwamuru mtu anayedaiwa na fundi huyo amlipe aliyeshinda kesi badala ya kumlipa fundi, na mara nyingi fedha hiyo ndiyo pekee inayoweza kupatikana.

Wasomaji wenu,
mawakili na wakadiriaji majenzi