Mbwa wa shamba afundishwe kusubiri

Mhariri,

Msimu wa korosho ukifika, njia za mashambani Newala na Tandahimba hujaa waokotaji, wabeba magunia na bodaboda, na lawama huwa zilezile: mbwa wa fulani kamrukia mtu. Dawa inayokimbiliwa ni fimbo, au mnyororo mfupi chini ya mkorosho kutwa nzima. Zote mbili huzidisha ubaya. Mbwa anayechapwa kila apitapo mgeni huona mgeni ndiye aletaye kipigo, naye akipata mwanya humuwahi. Yule wa mnyororo hushinda akitazama watu asioweza kuwafikia. Siku mnyororo ukikatika, mnajua wenyewe.

Kujizuia hufundishwa, tena kwa gharama ndogo. Andaa vipande kama 20 vya muhogo uliochemshwa (mbichi una sumu) au dagaa wasio na chumvi, ukubwa wa punje ya hindi. Fumbata kimoja, umsogezee mbwa ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Wewe kimya, mkono usivute. Pua ikibanduka tu kwenye ngumi, sema "Ndiyo!" papo hapo, umpe kipande kutoka mkono wa pili. Ukichelewa hata sekunde tatu, huenda keshaanza kubweka, na umelipia kubweka.

Wengi wetu huku pwani hatutaki udenda wa mbwa utuguse. Basi kipande kifunikwe chini kwa kifuu cha nazi, ukibane kwa soli ya kiatu. Malipo yadondoshwe chini kwa upawa uliotengwa kwa kazi hiyo. Somo ni lilelile.

Baada ya siku chache, mbwa aliyeanza kutulia anaweza kukwaruza ghafla kuliko siku ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema hafundishiki. Kumbe anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikimpatia. Ukimpa wakati huo, umemfundisha kwamba anayesumbua sana ndiye anayekula.

Akishaelewa, nenda kwenye bakuli la ugali. Lishushe polepole, akilivamia, liinue bila neno, akitulia, lishushe tena. Likigusa chini hesabu moja, kisha "Kula". Ongeza kidogo kidogo hadi sekunde 30. Geti nalo hivyohivyo: akisukuma linafungwa, akisubiri linafunguka.

Kosa kubwa huja hapa. Muda, umbali na vishawishi haviongezwi kwa pamoja. Mbwa anayeweza kutulia sekunde 30 uani atashindwa hata sekunde tano bodaboda ikipita. Anza naye mbali na barabara, hatua 50 hivi, akiwa kwenye kamba ya mita tatu, na muda urudi sekunde mbili. Akikosea mara mbili mfululizo, rudi nyuma hatua kadhaa; umeharakisha wewe, si yeye.

Dakika tano alfajiri na tano jioni zinatosha. Mchana kwa joto letu hili mbwa huhema kujipoza, wala hana akili ya somo.

Nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "Tulia", watoto "Wee acha!", mama "Shika adabu", mbwa anasikia kelele tatu. Na lisirudiwe mara tano, maana atazoea kutii la tano.

Mbwa ambaye ameshauma mtu afungiwe, aitwe afisa mifugo. Na aliyebadilika tabia ghafla, anatokwa udenda, hawezi kumeza au anauma hata miti, huyo si wa kufundishwa, yawezekana ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Mkufunzi wa mbwa,
Mikindani, Mtwara